Umoja na Wingi: Kuunda Lugha Ndogo Darasani Kama Njia ya Kufundishia Ngeli

Ziko mada za sarufi ambazo wanachuo wetu huziendea kwa woga. Umoja na wingi si mojawapo. Wote huidhani kuwa nyepesi. Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha huandika ubaoni safu mbili, mtu na watu, mti na miti, kitu na vitu. Huwaongoza watoto kutamka pamoja, hufuta ubao, kisha huandika katika andalio la somo kuwa lengo limefikiwa. Ugumu hujitokeza juma la pili daftari zinapokusanywa. Humo hukutwa *maukuta*, *wadereva*, *kitabu nyingi*, *nyumba mbili imeanguka*, na huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, *fitabu fingi*. Mwanachuo huyakata yote kwa wino mwekundu, mkato wa namna moja, kana kwamba makosa hayo ni ndugu wa tumbo moja.

Nia ya makala haya ni kueleza njia ambayo tumekuwa tukiitumia na wanachuo wanaotoka Mbeya, Iringa na mikoa iliyomegwa kutoka humo, yaani Njombe mwaka 2012 na Songwe mwaka 2016. Tunawapa kazi ya kuunda lugha ndogo isiyokuwapo popote duniani, na kuwataka waamue wao wenyewe jinsi lugha hiyo itakavyoonyesha wingi. Wakufunzi wenzetu wamepata kutuuliza kama huo si mchezo wa kupotezea vipindi. Jibu letu liko katika daftari zilizotajwa hapo juu, kwa hiyo yafaa tuanze na hizo.

Mtoto aingiapo darasani na hesabu yake

Mwalimu wa Rungwe, wa Mbeya mjini au wa Mufindi hafundishi watoto wasioujua wingi. Mtoto wa Kinyakyusa aliyekulia karibu na Tukuyu hujua kabla ya kung'oa jino la kwanza kwamba mtu mmoja ni *umundu* na wengi ni *abandu*, kwamba mti ni *umpiki* na miti ni *imipiki*. Mtoto wa Kihehe ana *umunu* na *avanu* wake. Katika lugha zote mbili, pale Kiswahili kinapotumia ki- na vi-, wao hutumia ki- na fi-, pamoja na irabu ya mwanzo ambayo Kiswahili hakina.

Sasa tumtazame mtoto aliyeandika *fitabu fingi*. Ametambua kuwa *ki* katika kitabu ni kiambishi na si sehemu ya mzizi. Amekiondoa. Ameweka mahali pake kiambishi cha wingi cha ngeli hiyo hiyo. Kisha amekwenda kwenye kivumishi akakipatanisha na jina. Kazi yote ya ngeli imekwisha kufanyika bila dosari. Kilichobaki ni sauti moja tu, f badala ya v. Mwenziwe aliyeandika *kitabu nyingi* hakubadili jina, na upatanisho wake ameuazima kutoka ngeli nyingine kabisa. Wa kwanza anahitaji dakika tano za matamshi. Wa pili anahitaji kufundishwa ngeli tangu mwanzo.

Wino mwekundu unapowapa wote wawili sifuri, mtoto wa pili hajui afanye nini, na hilo ni baya. Lakini wa kwanza hupata hasara kubwa zaidi, maana hufundishwa kwamba maarifa aliyoyaleta kutoka nyumbani ndiyo ugonjwa wake. Hucheka darasa zima, na mara nyingine mwalimu huongoza kicheko. Mtoto aliyechekwa hivyo huacha kutumia akili ya ngeli aliyo nayo, akaanza kukariri neno moja moja. Baada ya mwaka mmoja utamkuta ameingia katika kundi la *kitabu nyingi*. Tumekwisha kuwaona watoto wa namna hiyo, na si wachache.

Yafaa mwalimu akumbuke pia kuwa wasemaji wa Kiswahili cha Lubumbashi, huko Kongo, husema *bitabu* na *batoto*, na hakuna anayedhani kwamba hawajui kuhesabu. Hatusemi kuwa *fitabu* iachwe katika daftari. Kiswahili sanifu ndicho kinachofundishwa na kutahiniwa, na mtoto ana haki ya kukipata. Tunasema kuwa kosa la sauti lisahihishwe kama kosa la sauti.

Vivyo hivyo kwa *katoto* na *tutoto*. Kinyakyusa na Kihehe vina jozi ya ka- na tu- kwa vitu vidogo. Kiswahili sanifu kimeipa ki- na vi- kazi hiyo, na kusema *kitoto* na *vitoto*. Mtoto anayesema *tutoto tule* anafuata sheria kamili, ila ni sheria ya nyumba nyingine.

Kazi yenyewe

Maelezo kama hayo mwanachuo huyasikiliza, huyaandika, na huyasahau. Ndiyo maana tunamtaka aunde. Tunagawa darasa makundi ya watu watano au sita, tunalipa kila kundi majina kumi na mawili ya vitu vya mazingira yetu, mtu, mtoto, ng'ombe, jembe, nyumba, mto, ndizi, maji na mengineyo, na kila kundi hubuni mizizi yake. Tuseme mtu ni *sefo*, ng'ombe ni *lemu*, jembe ni *tiko*, maji ni *nalu*. Kisha kundi huamua wingi utaonyeshwaje. Sharti ni moja: uamuzi ukishaandikwa ubaoni haubadilishwi mpaka umejaribiwa kwa sentensi.

Kundi la kwanza kwa kawaida huweka kiambishi mwanzoni, kwa kuwa ndivyo walivyozoea. Hatuwazuii, lakini tunalitaka angalau kundi moja liweke kiishio. Hapo huwa tunawaeleza habari za Kiesperanto, lugha aliyoibuni L. L. Zamenhof na kuichapisha Warsaw mwaka 1887, na ambayo kongamano lake la dunia lilifanyika Arusha mwaka 2024, mara ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Mtoto ni *infano*, watoto ni *infanoj*, na hiyo *j*, itamkwayo kama y yetu, hufuata kila jina bila kubagua. Wanachuo hufurahi sana kusikia kuwa iko lugha yenye wingi wa namna moja tu. Wengine huuliza kwa nini Kiswahili hakikufanywa hivyo.

Kundi la pili hurudufu neno: *lemu-lemu* ni ng'ombe wengi. Kiindonesia hufanya hivyo, *orang* ni mtu na *orang-orang* ni watu. Lakini wanachuo wetu hukwama upesi, kwa sababu masikio yao yamezoea urudufu wenye maana nyingine. *Maji maji* kwetu si maji mengi. Ni hali ya kuwa na unyevu. Mmoja wao akisoma *nalu-nalu* wenziwe husikia matope. Hili ni funzo zuri kwamba mbuni wa lugha habuni katika chumba kitupu. Msikilizaji wake amekwisha kujaa lugha.

Kundi la tatu huweka neno la pembeni lenye maana ya wingi, na la nne halionyeshi wingi kabisa. Kundi hili la nne hudhaniwa kuwa la wavivu, na wenzao huwacheka. Sisi tunalipenda kuliko yote, kwa sababu ndilo linalozua swali lenye uzito: je, wingi una haja gani? Katika Kituruki, jina likishatanguliwa na hesabu halibebi tena alama ya wingi. Vitabu viwili ni *iki kitap*, neno kwa neno "mbili kitabu". Hesabu imekwisha kusema, jina linyamaze. Kichina nacho hakiweki alama ya wingi kwenye majina ya vitu, na Wachina hawajashindwa kufanya biashara kwa sababu hiyo.

Gharama ya upatanisho

Baada ya uamuzi huja sentensi ya majaribio, nayo huwa moja kwa makundi yote: *Watoto wawili wadogo wamefika.* Tunawataka wahesabu ni mara ngapi wingi umetajwa. Katika Kiswahili ni mara nne kwa kiambishi: watoto, wawili, wadogo, wamefika, mbali na hesabu yenyewe. Katika Kiesperanto, *du malgrandaj infanoj venis*, ni mara mbili, kwenye kivumishi na kwenye jina; kitenzi hakina habari. Katika Kiindonesia, *dua anak kecil datang*, hakuna hata mara moja isipokuwa hesabu.

Hapo ndipo mwanachuo husema kuwa Kiswahili kinapoteza pumzi. Waliounda lugha huko Ulaya nao walibishana juu ya jambo hilo hilo. Lugha ya Ido, iliyotolewa mwaka 1907 kama marekebisho ya Kiesperanto, iliondoa wingi kwenye kivumishi kwa hoja kwamba kutaja mara moja kwatosha.

Sisi hatukubaliani na hoja hiyo moja kwa moja, na tunayo sababu ya hapa hapa nyumbani. Mwalimu yeyote aliyepata kufundisha Tukuyu wakati wa mvua, chini ya paa la bati lisilo na dari, anajua kwamba nusu ya kila sentensi huchukuliwa na mvua. Mtoto wa dawati la nyuma husikia "...dogo wamefika". Bado anajua kuwa ni wengi, na bado anajua kuwa ni wenye uhai. Kilichoonekana kuwa ziada kumbe ni akiba. Lugha iliyosema mara moja tu, na mara hiyo ikamezwa na mvua, haina pa kukimbilia.

Tena upatanisho huifanyia kazi ngeli ambayo majina yake yenyewe hayabadiliki. *Nyumba* ni moja au ni nyingi? Jina halisemi. *Nyumba imeanguka* na *nyumba zimeanguka* ndizo zinazosema. Lakini ukisema *amejenga nyumba Iringa*, hakuna kinachopatana na jina hilo, na msikilizaji hana budi kuuliza ni ngapi. Mtoto aliyeandika *nyumba mbili imeanguka* hakukosea jina. Ameacha kuiona kazi ya kitenzi, na dawa yake si kukaririshwa safu mbili za majina, kwa sababu safu hizo kwake zinafanana: nyumba, nyumba. Safu mbili za majina zilizokuwa ubaoni siku ya kwanza haziwezi kufundisha ngeli hii hata kidogo.

Wingi kwa kila namna ya kiumbe

Kila mara hutokea kundi linalotaka wingi wa namna mbili, mmoja wa watu na mwingine wa vitu. Tunawaruhusu, kisha tunawauliza maswali. Ng'ombe yuko upande gani? Maiti je? Mzimu? Mabishano hapo huwa makali, na kipindi kinaweza kwisha. Marc Okrand, aliyebuni Kiklingoni kwa ajili ya filamu na kutoa kamusi yake mwaka 1985, alikata shauri kwa namna yake: viumbe vyenye uwezo wa kusema vina kiishio chao cha wingi, viungo vya mwili vina chao, na vitu vingine vyote vina chao. Kwa mpango huo ng'ombe anawekwa pamoja na jembe. Kiswahili kimemweka pamoja na mtu.

Hapa ndipo pa kumfikisha mwanachuo kwenye *wadereva*, maana Kiswahili kinagawa mambo mara mbili. Umbo la jina lina njia yake na upatanisho una njia yake. *Dereva* halina m- ya umoja mwanzoni, kwa hiyo wa- haina cha kubadilishana nacho. Wingi wake ni *madereva*, kama *madaktari* na *marafiki*. Lakini hatusemi *madereva yamefika*. Uhai wao umeuvuta upatanisho kwenye a- na wa-: *madereva wamefika*. Ni hivyo pia kwa *kipofu huyu* na *vipofu hawa*, wenye umbo la kitu na upatanisho wa mtu. Mwalimu anayefundisha ngeli kwa maumbo tu, M-WA, KI-VI na kuendelea, hataweza kueleza *vipofu wamefika*. Anayefundisha kwa upatanisho tu, A-WA na KI-VI, hataweza kueleza kwa nini mtoto asiseme *wadereva*. Vitabu vya kiada vimepata kutumia mpango huu na ule, na wanachuo hupenda kuuliza ulio sahihi. Tunawaambia wabebe yote miwili.

Mtoto wa *maukuta* naye ameshika sheria yenye nguvu kuliko zote, kwamba penye shaka weka ma-. Si mjinga. Wazee wa Rungwe waliokwenda migodini Afrika Kusini kabla ya uhuru wa 1961 waliikuta huko lugha ya kazi iitwayo Fanakalo, iliyojengwa zaidi kwa maneno ya Kizulu pamoja na ya Kiingereza na Kiafrikana. Kizulu kina ngeli nyingi kama ndugu zake. Fanakalo ilizitupa, na wingi ukabaki ma- kwa karibu kila jina. Ilikuwa lugha ya kuamrishana, na mtoa amri hahitaji tofauti nyingi. Mtoto wetu aelezwe kwamba *ukuta* huangusha u- na kubaki *kuta*, na kwamba *uso* huwa *nyuso*, *ulimi* huwa *ndimi*. Ngeli hii ni ngumu kweli, na hatuoni njia ya mkato.

Wabuni wasiojulikana

Kipindi cha mwisho tunakiacha kwa maneno ya kigeni, kwa kuwa hapo wanachuo hugundua kuwa Waswahili wamekuwa wakibuni wingi kwa karne nyingi bila kamati. *Kitabu* ni neno la Kiarabu, na *ki* yake ni ya mzizi. Waarabu wenyewe husema *kutub* kwa wingi. Msemaji wa Kiswahili alisikia *ki*, akaikata, akasema *vitabu*. *Mwalimu* pia latoka Kiarabu, ambamo silabi ya kwanza *mu* ilifanana mno na kiambishi chetu cha mtu, na hivyo sisi sote tukawa *walimu*. *Msumari* ni habari ya kupendeza zaidi: neno la Kiarabu ni *mismar*, kwa maana ya msumari mmoja. Watu walisikia *mi*, wakaona ni wingi wa ngeli ya miti, wakaunda umoja wake.

Lugha haikuacha mtindo huo Waingereza walipofika. Bamba la kuzuia tope kwenye gurudumu lilikuja na jina la Kiingereza, *mudguard*, likawa *madigadi*. Na kwa kuwa lilianza na ma-, bamba moja likawa *digadi*. Kibao cha barabarani kilichowaamuru madereva washike kushoto kikawa *kiplefti*, na vikiwa viwili ni *viplefti*.

Lakini swali tulipendalo ni la *waziri*. Nalo ni la Kiarabu, nalo linaanza na wa-. Kwa nini watu hawakuunda *mziri* mmoja na *waziri* wengi? Wanachuo huleta majibu ya kila namna. Tunavyodhani sisi, misumari huonwa na kununuliwa mingi pamoja, kwa hiyo sikio lilikuwa tayari kusikia wingi. Waziri alitajwa akiwa mtu mmoja mwenye cheo, *waziri amesema*, na upatanisho wa umoja ukalinda jina lisikatwe. Likapewa ma-: *mawaziri*. *Malaika* limekwenda kinyume: katika Kiarabu ni wingi, kwetu ni malaika huyu na malaika hawa, bila kuguswa.

Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, na Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1967, kazi hii ilikuwa imekwisha kufanyika katika maneno maelfu. Wanakamusi huandika kando ya jina kiambishi chake cha wingi, na mwanachuo azoee kukitazama hapo kabla ya kuhukumu daftari la mtoto.

Mambo machache ya utekelezaji

Kazi hii yahitaji vipindi vinne kwa wanachuo. Kwa darasa la sita na la saba vipindi viwili vyatosha, na mizizi ipunguzwe iwe mitano. Chini ya hapo hatushauri. Mtoto wa darasa la tatu bado anajenga lugha ya kweli, asipewe nyingine ya kubuni.

Katika kusahihisha, tunawataka wanachuo waache mkato mmoja na watumie alama tatu pembeni mwa mstari: *s* kwa kosa la sauti, *u* kwa kosa la umbo la jina, na *p* kwa kosa la upatanisho. *Fitabu fingi* hupata s. *Wadereva* na *maukuta* hupata u. *Nyumba mbili imeanguka* hupata p. *Kitabu nyingi* hupata u na p. Mwisho wa juma mwalimu ahesabu alama hizo. Darasa lenye s nyingi na p chache haliitaji kurudiwa ngeli, hata kama ukurasa umejaa wino.

Swali la mtihani lisemalo "andika umoja wa maneno haya", kisha likaweka *maji* au *mafuta* kati ya *mawe* na *majembe*, tunaomba liachwe. Maji hayana umoja wa kuandikwa, ingawa yana ma- na hupatana kwa ya-. Mtoto anayeandika *ji* ametumia sheria aliyofundishwa, na anayeacha nafasi wazi ndiye aliyefikiri zaidi. Msahihishaji aliye na majibu ya kukariri humnyima alama huyo wa pili. Kama ni lazima maji yawemo, swali liulize ni majina gani katika orodha hayahesabiki, na mtoto apewe mistari miwili ya kueleza sababu.